Uso wa Plastiki Usio na Mdomo

Waliokuwa chumbani asubuhi dada yangu mkubwa alipokata roho ni wanne. Wa kwanza ni kaka yetu. Mimi, yeye na marehemu tumetoka tumbo moja, dada akiwa wa kwanza, kaka wa katikati, mimi kitinda mimba. Wa pili ni mke wa kaka, ambaye pia ni binti wa mjomba wetu, kwa hiyo ni wifi na ni damu. Wa tatu ni binti wa kwanza wa dada yangu, anayeniita habaryar, maana yake mama mdogo. Wa nne ni jirani wa upande wa pili wa uzio, yule mwanamke anayeosha maiti za wanawake wa mtaa wetu. Huyo alimnyonyesha mwanangu nilipokuwa na homa, kwa hiyo watoto wetu ni ndugu wa kunyonya.

Mimi sikuwepo.

Majina yao ninayo, na majina ya baba zao na babu zao mpaka wa saba, kama nilivyofundishwa nikiwa msichana nachunga mbuzi. Sitayaandika. Wakisomewa haya watajijua. Kuandika kwenyewe nimejifunza uzeeni, darasa la gumbaru, na tulifundishwa kwa Kiswahili, ndiyo maana jambo la ndani ya nyumba yetu naliandika kwa lugha ya sokoni.

Na lugha hiyo ya sokoni ndiyo iliyonipeleka Nairobi. Miaka ile ya tisini nilikuwa nauza maziwa hapa Garissa, na wateja wangu wengi walikuwa walimu, askari na watu wa ofisini waliotoka bara. Kiswahili nilikiokota kwao. Basi mtu wetu akiwa na shida ofisini au hospitalini alikuja kunichukua: "Twende ukatusemee." Nilikuwa na namna yangu ya kuwasemea watu. Mzee akifoka kwa Kisomali, "Mwambie huyu mwizi anipe kipande changu!" mimi nilimwambia karani, "Mzee anasalimia, na anauliza kama kipande chake kimekuwa tayari." Karani alicheka, mzee alipata kipande chake, yaani kitambulisho, kila mtu akaenda zake. Mkubwa ukimkasirisha, anayerudi nyumbani mikono mitupu ni mwenye shida. Nilisifiwa sana kwa hilo. Walisema ulimi wangu umepakwa samli.

Dada yangu alikaa Kotile na mifugo yake. Alipoletwa kwa kaka, hapa mjini, alikuwa na uvimbe chini ya taya, mkubwa kama yai la kuku, na juu yake alama tatu za moto, kwa sababu kule walikuwa wameshamchoma kwa kijiti kama dawa. Hospitali ya hapa ikakata kinyama kidogo, ikakipeleka kupimwa, na jibu likarudi kuwa ni saratani. Nendeni Nairobi, tukaambiwa, kwenye mashine ya miale. Kaka alikuwa karani wa ofisi ya mifugo, anajua kusoma, basi akashika makaratasi. Mimi nilishika mkono wa dada.

Daktari wa Nairobi alizungumza nami kwa Kiswahili, polepole. Alisema dada atalala chini ya mashine siku ishirini na tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, bila kuruka. "Na msikatize katikati, mama. Mkikatiza, huu ugonjwa unarudi ukiwa na hasira." Maneno hayo niliyatafsiri yote, sikulainisha hata moja. Dada alisikia. Kaka alisikia.

Kisha tukapelekwa kwa mtu wa mashine, mwanamume mwembamba, mpole. Alituambia miale ni kama jua linalopita kwenye tundu la paa: linapiga mahali pamoja tu. Dada akisogea upana wa kidole, litaunguza nyama nzima na kuacha ile mbovu. Kwa hiyo uso wake lazima ushikwe, kila siku vilevile, na wa kuushika ni plastiki.

Ilikuwa kipande cheupe, kinene na kigumu kama soli ya kandambili, kimejaa vitundu. Akakitia kwenye beseni la maji ya moto. Kikalegea. Alipokitoa kilikuwa kinaning'inia mikononi mwake, laini, na vile vitundu vyake. Dada alikuwa amelala, ameshavua shungi mbele ya mwanamume. Alikuwa amesema, "Ni dharura, Mungu anaona." Sasa akageuza macho kunitazama.

"Abaayo," akaniambia, ndivyo tunavyoitana sisi dada, "hawa watu wanataka kunifunika na anjera. Waulize chai iko wapi."

Anjera ni mkate wetu mwembamba wenye vitundu, tunaoula asubuhi na chai. Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

"Anasema nini?" akauliza mtu wa mashine.

"Anasema asante."

Akailaza ile anjera usoni kwake, akaivuta pande zote, akaikandamiza kwa viganja: paji, pua, midomo, kidevu. Tukangoja. Muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai haukwisha, plastiki ikawa ngumu kama bakuli. Alipoiondoa, alikuwa ameshika uso wa dada yangu mkononi. Pua ile ni ya baba yetu. Midomo ilikuwa imefumbwa.

Akachora alama zake juu ya plastiki. Akasema hiyo ni bahati, kwani wengine huchorwa kwenye ngozi wakakatazwa kuosha, lakini mama huyu ataosha uso na kutawadha kama kawaida. Hilo nililitafsiri kwa furaha. Nikamuuliza kama huu uso tutakuwa tunaondoka nao. "Hapana," akasema. "Hautoki hapa mpaka amalize siku zake. Akimaliza, akiutaka, ni wake."

Lishikeni neno hilo.

Kaka alirudi kazini Garissa, sisi wawili tukakaa Islii, mtaa wa Wasomali kule Nairobi, kwa jamaa zetu, na kila asubuhi tukaenda hospitali. Dada analazwa, uso wa plastiki unafunikwa juu ya uso wake na kubanwa mezani, upande huu tak, upande huu tak. Watu wote wanatoka. Mlango mzito unafungwa. Anabaki peke yake na mashine, mimi niko nje kwenye benchi nahesabu tasbihi mpaka mlango ufunguliwe.

Siku ya nne, kwenye benchi hilo, akaniambia, "Mdomo wangu unafungwa mle ndani."

"Ni ili usitikisike."

"Najua ni ili nisitikisike. Lakini roho yangu ikitoka mle, nitatamka vipi?"

Kwetu hakuna swali kubwa kuliko hilo. Mtu anapoondoka, ulimi wake uwe unashuhudia kuwa hapana mungu ila Mwenyezi Mungu. Walio karibu humkumbusha, mmoja akiwa sikioni kwake. Mle ndani hakukuwa na aliye karibu, wala midomo haikuweza kuachana.

"Dakika zile ni chache, hutakufa," nikamwambia.

"Umeambiwa na nani? Mwambie anikatie tundu la mdomo. Dogo tu, kama la kibuyu."

Nikaenda. Mtu wa mashine alikuwa mlangoni na kadi za wagonjwa mkononi, na foleni nyuma yangu ilikuwa imefika kwenye ngazi, watu wa kila kabila la Kenya, wengine wamebebwa. "Ndiyo, mama?" akasema. Nikautazama ule uso wa plastiki mezani. Nikafikiri: kitu hiki kina vipimo vyake, kama dawa. Nikisema kikatwe atakasirika, atasema watu wa kaskazini wana maneno mengi, na atatuweka nyuma ya foleni.

Nikasema, "Anakusalimia. Habari ya asubuhi."

"Nzuri sana!" akasema, akacheka. "Mwambie nzuri."

Nikarudi kwenye benchi. "Amekataa," nikamwambia dada yangu. "Anasema itaharibika."

Akanitazama. "Haye," akasema, neno letu la kukubali, akainuka, akaingia.

Siku ya tisa nilimwona kupitia mlango, kabla hajafunikwa, anamwonyesha yule mtu mdomo wake kwa kidole. Mtu wa mashine akafikiri ana kiu. Akamletea maji kwenye kikombe. Dada akayanywa yote ili asimwaibishe, ingawa wakati huo koo lilikuwa limeshaanza kuwa kidonda na maziwa aliyasikia kama majivu.

Siku ya kumi na mbili kaka akaja kutoka Garissa. Niliwakuta wawili hao kwenye benchi, vichwa vimekaribiana. Nilipofika walikuwa wanazungumza habari za mbuzi. Kesho yake kaka akaniambia, "Wewe umechoka. Baki hapa leo, ufue nguo. Nitampeleka mimi."

Walirudi kabla ya adhuhuri. Kaka alikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko ule uso.

"Imekwisha," akasema.

"Walisema ishirini na tano."

"Walisema. Leo wamesema inatosha. Mashine ni kali, uvimbe umepungua. Au mimi sijui kusoma?"

Uvimbe ulikuwa umepungua kweli. Na uso ulikuwa mbele yangu, ule usiotoka mpaka siku ziishe. Ningetaka shahidi gani tena? Nikaushika, nikasema alhamdulillahi, nikalia. Nikamkumbatia dada. "Umepona, abaayo!"

"Tunakwenda nyumbani," akasema. Hilo tu. Nilidhani ni uchovu.

Njiani mabasi yalingoja askari wa kusindikiza, kama ilivyokuwa siku zile, na darajani kwenye Tana tukashushwa kupanga foleni na vipande vyetu. Polisi mmoja akafungua mfuko wa kaka.

"Na hii ni nini? Sura ya nani?"

"Ni ya dada yangu. Ya hospitali."

Polisi akaiweka usoni kwake, akawageukia wenzake. "Inanitosha?"

Dada akasema kwa Kisomali, bila kucheka, "Mwambie alale chini basi, wamfunge."

"Anasema inakupendeza," nikamwambia polisi. Foleni nzima ya wanawake ikavunjika mbavu kwa kicheko, na yeye akacheka nao. Hata dada alitabasamu. Siku hiyo nilikuwa na furaha kama ya arusi.

Nyumbani kwa kaka nilichinja mbuzi wa sadaka, mbuzi wangu mwenyewe. Majirani wakajaa uani. Wakanipongeza mimi: ulimi wa samli umemponya ndugu yake! Nikakubali sifa. Nikawasimulia mashine, nikawasimulia anjera, nikawapitishia uso wa plastiki waushike mkono kwa mkono. Kaka alikaa na wanaume, anakata nyama vipande vidogo vidogo, hali. Dada alikunywa supu. Wawili hao walikuwa wanajua, na waliniacha nichinje, na waliniacha nisimulie.

Halafu mvua ikaanza, ile mvua ya mwaka wa mafuriko. Ilinyesha wiki baada ya wiki, mbuzi wakafa wamesimama kwenye tope. Na uvimbe ukarudi. Ulirudi na hasira, kama daktari alivyosema, upande wa pili wa shingo. Nikachukua kadi ya dada kwenye sanduku lake, nikaifunga kwenye nailoni, nikaenda hospitali ya hapa kwa kijana mmoja daktari aliyekuwa mteja wangu wa maziwa.

Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Mama, mbona mlikatiza?"

"Hatukukatiza. Zilikwisha. Walimpa uso wake."

"Hapa ziko kumi na mbili. Kumi na tatu zimebaki." Akaniwekea kidole kwenye karatasi. "Imeandikwa mgonjwa ameomba kuacha. Hii ni sahihi ya kaka yake. Na hiki ni kidole chake mwenyewe."

Kusoma sikujua, lakini alama ya kidole gumba haihitaji kusoma. Ilikuwa pale, ya zambarau, na lile kovu la kisu alichojikata nacho dada tukiwa wasichana.

"Aliogopa ile plastiki?" akauliza kijana. "Wengi huogopa. Pole. Angesema tu. Huwa wanawakatia tundu, machoni au mdomoni. Ni kazi ndogo."

"Na ikikatwa haiharibiki?"

"Ikikatwa vizuri, haiharibiki."

Nilitoka pale na mambo mawili mkononi, nikachagua kubeba moja. Lile lingine nililificha hata mimi mwenyewe nisilione. Nilitembea kwenye mvua nikisema peke yangu: kaka yangu! Dada yangu!

Kaka alikuwa barazani, anatazama maji yanavyopita uani. Nikamtupia kadi mapajani.

"Uliniacha nichinje mbuzi," nikasema.

Hakujifanya haelewi. "Aliniapisha. Alinishika mkono, akaniapisha kwa Mungu. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia!"

"Alisema wewe usiambiwe. Alisema utalia, naye atarudi mle ndani kwa ajili ya machozi yako."

"Na ule uso?"

"Niliwaomba. Nikasema sura ya dada yangu haibaki ukutani kwa watu. Wakanipa."

Nikaingia chumbani. Dada alikuwa ameegemea mto, anapumua kwa sauti. Nikamuuliza kwa nini alimwambia yeye, si mimi niliyelala naye chumba kimoja siku zote zile, niliyemwosha, niliyempoozea uji.

"Nilikuambia wewe kwanza," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ilibidi niiname. "Nilikuwa nakutazama. Ulisema kidogo, naye akajibu kidogo akicheka. Mtu anayekataa jambo la mgonjwa hacheki. Halafu ukarudi ukasema amekataa."

Nikaanza kunyoosha shuka lake.

"Neno 'habari' nalijua, abaayo. Hata mbuzi wa Kotile wanalijua."

Ningeweza kuomba msamaha. Badala yake nilisema, na ninaandika kwa sababu nimejiahidi kuandika yote, "Kwa neno langu moja ukaninyima siku kumi na tatu?" Akafumba macho. Na mimi hata leo, nikiwa na wajukuu walioolewa, swali hilo bado linanichoma. Niliposema uongo nilidhani namlinda. Wao walikaa chini wawili, wakapanga, wakaniondoa kwenye jambo la roho ya dada yangu kama anavyoondolewa mgeni. Angeniambia: mwongo wewe, rudi ukaseme. Ningerudi. Wallahi ningerudi.

Jioni hiyo nilitia kisu kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, nikakata mdomo kwenye ule uso. Plastiki ililegea pale kisu kilipopita, ikanuka, ikatoa moshi mwembamba. Nikalainisha kingo zisimkwaruze. Nikampelekea.

"Barabara ikifunguka tunarudi," nikamwambia. "Nitasema kila neno lako. Hata la anjera."

Akapitisha kidole kwenye tundu, akakizungusha. "Umekata kubwa," akasema. "Unadhani mimi ni ngamia?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya mzaha kwangu.

Barabara ya Nairobi ilikuwa imekatika. Kila asubuhi baada ya kuswali nilikwenda darajani kuuliza madereva waliokwama: kuna gari lililopita? Kuna anayejaribu? Walinizoea. "Mama wa plastiki amekuja," walisema, kwa sababu nilikuwa nabeba ule uso chini ya mtandio, gari likipatikana nisipoteze muda wa kurudi kuuchukua. Asubuhi moja dereva wa lori aliniambia, labda kesho kutwa, maji yanashuka. Nikarudi mbio kumwambia dada. Nikamkuta wifi yangu mlangoni, amekaa chini.

Kaka alitoka chumbani. "Alitamka," akaniambia kabla sijauliza. "Nilikuwa sikioni kwake. Alitamka shahada yote, nimesikia kwa masikio yangu."

Nikamtazama usoni. Ulikuwa uso uleule, na sauti ileile iliyosema, "Imekwisha."

Wifi anasema aliona midomo ikicheza, maneno hakuyasikia kwa sababu ya mvua juu ya mabati. Binti wa dada, kila nikimuuliza, ananiambia, "Habaryar, niache," na kulia. Jirani yangu alinijibu siku ya arobaini, "Mimi niliitwa kuosha, sikuitwa kusikiliza." Miaka imepita, na kaka ni mzee haoni vizuri, na bado anasema vilevile, hapunguzi neno wala haongezi.

Uso ninao. Uko kwenye sanduku, umefungwa kwa mtandio wa dada, na mdomo wake uko wazi.

Sasa nyinyi wanne, na yeyote mwingine aliyekuwa kwenye nyumba ile, mkisomewa haya, nirekebisheni. Kama zile siku hazikuwa kumi na mbili, niambieni. Kama polisi wa darajani hakuuweka ule uso usoni kwake, kama mbuzi hakuwa wangu, kama mvua asubuhi ile ilikuwa imekatika na wifi angeweza kusikia, niambieni, sitakasirika. Kama kaka yangu alinidanganya mara ya pili kwa kunihurumia, niambieni hilo pia, niko tayari. Na kama alisema kweli, basi niambieni mara mbili, mmoja mmoja, kwa sababu kwake peke yake siwezi kulipokea.